Kichwa Kinapokataa Kulala



Juma hili tunaongea juu ya jambo lisiloonekana kwa macho, lakini linachosha kuliko kubeba mfuko wa makala kichwani. Ni mawazo ya usiku. Mwili umechoka, watoto wamelala, mlango umefungwa, taa imezimwa. Kichwa peke yake ndicho kingali sokoni. Kinahesabu minervale ya mtoto wa sekondari, kodi ya nyumba, zamu ya likelemba, bwana aliyeenda machimboni na simu yake haipatikani, na lile neno shemeji alilosema Jumapili. Kikifika mwisho, kinarudia mwanzo. Saa nane ya usiku inapita, saa tisa inapita, na hakuna hata jambo moja lililopata jibu.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili. Tukisema mtu "ana wazo," tunamsifu. Tukisema "ana mawazo," tunamhurumia. Na kwa huruma hiyo tunamwambia: "Mama, acha kuwaza, utapata presha." Tunasema kwa upendo, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuacha kuwaza kwa sababu ameambiwa aache? Tuangalie kwanza kwa nini shauri hilo halifanyi kazi, kisha tutafute lile linalofanya kazi.

Kwa nini kichwa hakinyamazi

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu asilimia 2 ya mwili wote, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu tunazotumia mwili ukiwa umepumzika. Haulali kama jiko lililozimwa. Mwaka 2001 mtaalamu wa Marekani, Marcus Raichle, pamoja na wenzake, alieleza kwamba kuna sehemu za ubongo zinazofanya kazi zaidi wakati mtu amekaa bila shughuli. Wengine waliendelea na utafiti huo, wakaonyesha kwamba hapo ndipo akili inarudi kwenye mambo ya jana, inakwenda kwenye mambo ya kesho, na inajiuliza watu wanatuonaje.

Hiyo ni zawadi. Mama anayeficha unga kidogo kwa ajili ya mwisho wa mwezi, anayenunua mbegu kabla ya mvua, anayejua mtoto yupi atahitaji viatu mwezi wa tisa, anatumia zawadi hiyo. Kwa hiyo kuwaza si ugonjwa, wala mama anayewaza si mdhaifu.

Lakini ubongo una tabia nyingine. Bluma Zeigarnik, mwanamke aliyesomea elimu ya akili huko Berlin, aliandika juu yake mwaka 1927. Aliwapa watu kazi ndogondogo, moja baada ya nyingine. Kazi nyingine aliwaacha wazimalize, nyingine aliwakatiza katikati. Baadaye alipowauliza wanakumbuka nini, walikumbuka zaidi zile zilizokatizwa. Jambo lililokwisha linatupa nafasi ya kupumzika. Jambo lisilokwisha linaendelea kugonga mlango.

Sasa tufikiri: usiku ni wakati gani? Ni wakati ambao mambo yote ya mama yako wazi na hakuna hata moja analoweza kulifunga. Shule imefungwa, soko limefungwa, uniti za simu zimekwisha, mwenye nyumba amelala. Mikono haina kazi na hakuna sauti ya mtu mwingine. Kila jambo linagonga, na hakuna hata moja anayeweza kulifungulia. Ndiyo maana shida ileile iliyokuwa ya kawaida saa kumi za mchana inaonekana mlima saa nane za usiku.

Na tukikiamuru kichwa kinyamaze? Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake, huko Marekani, waliwaambia wanafunzi wa chuo kikuu wakae dakika 5 bila kufikiri dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia akilini. Kengele zililia tena na tena. Hapa kwetu hatuna dubu, lakini tuna maembe. Mwambie mtoto wako jioni ya leo: "Kaa dakika moja, fikiri kitu chochote, isipokuwa embe bivu." Utamwona anacheka kabla ya dakika kwisha, maana embe limekwisha kumjia. Ili akili ihakikishe kwamba haifikiri jambo fulani, ni lazima ilitafute jambo hilo. Vivyo hivyo, mama anayejiambia "nisiwaze minervale" amekwisha kuiwaza.

Kuwaza kunakotembea na kuwaza kunakozunguka

Hata hivyo, si kila kuwaza ni sawa. Mtaalamu mwingine wa Marekani, mwanamke anayeitwa Susan Nolen-Hoeksema, alitumia miaka mingi akichunguza watu wanaorudiarudia huzuni yao akilini. Alionyesha kwamba kurudia huko hakuponyeshi, bali kunarefusha huzuni na kupunguza nguvu ya kutafuta njia. Alionyesha pia kwamba sisi wanawake tunaelekea huko zaidi kuliko wanaume.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Kuwaza kunakotembea kunaishia kwenye tendo: "Kesho nitamwona prefe wa shule." Kuwaza kunakozunguka kunaishia kwenye swali lisilo na jibu: "Kwa nini mimi? Kwa nini bwana wa jirani anaweza na wangu hawezi? Watu watasema nini?" Ukiwa umewaza robo saa nzima na hujapata hata tendo moja la kufanya, jua kwamba unazunguka. Hapo usijilaumu. Simama tu, kama mtu aliyegundua kwamba njia aliyoshika inamrudisha palepale.

Hapa tuseme ukweli mmoja. Shida za wamama wengi wa mji huu hazikutungwa na kichwa. Tangu 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, lakini sekondari inalipwa, na mtoto anarudishwa nyumbani kweli. Kodi ya nyumba inadaiwa kweli. Kumwambia mama kwamba tatizo lake ni mawazo tu, wakati sufuria ni tupu, ni kumtukana. Kwa hiyo dawa tunayoitafuta lazima iguse akili na iguse shida yenyewe. Dawa ya namna hiyo ipo, na wanaoitoa ni wabibi.

Wabibi wa Harare

Ukitoka hapa Lubumbashi ukapita Kasumbalesa, ukaivuka Zambia, ukavuka mto Zambezi pale Chirundu, unafika Harare, mji mkuu wa Zimbabwe. Madereva wa malori wanaijua njia hiyo. Washona wa huko wana neno moja kwa jambo tunaloliongea leo: kufungisisa. Kwetu kufunga ni kufunga mlango. Kwao kufunga ni kufikiri, na kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi. Wanalitaja kama ugonjwa, au kama kitu kinacholeta ugonjwa. Mwaka 2013 waganga wa Marekani waliliingiza neno hilo katika kitabu chao kikubwa cha magonjwa ya akili.

Dixon Chibanda ni mganga wa magonjwa ya akili huko Harare. Amesimulia mara nyingi mbele ya watu kwamba msichana mmoja aliyekuwa akimtibu alijiua, na kwamba alikuwa ameshindwa kufika hospitalini kwa sababu familia ilikosa dola 15 za basi. Akaona kwamba kungoja wagonjwa hospitalini hakutoshi. Waganga wa akili katika nchi yake walikuwa wachache sana, na kwa kazi hiyo hakupewa mganga wala muuguzi hata mmoja. Alichopata ni wabibi 14 wa mtaa wa Mbare, waliokuwa tayari wanajitolea katika kazi za afya, na benchi la mbao nje ya kituo cha afya. Mwaka 2006 akaanza nao.

Bibi anakaa kwenye benchi na mtu anayeteswa na mawazo, na kazi inakwenda hivi. Kwanza bibi anasikiliza. Hakatizi, hahukumu, hatoi mahubiri. Mgeni anataja mambo yote, moja moja. Pili, bibi anamwuliza: "Katika haya yote, tuanze na lipi?" Wanachagua moja tu. Tatu, wanatafuta pamoja hatua ndogo ambayo mgeni mwenyewe anaweza kuifanya, na siku ya kuifanya. Kisha mgeni anarudi na kueleza imekwendaje. Wakikutana mara kadhaa, anaalikwa kujiunga na kikundi cha wenzake waliopita kwenye benchi. Wanaongea huku mikono ikisuka mifuko ya kuuza.

Je, inasaidia? Walipima. Watu 573, katika vituo 24 vya afya vya Harare, walifuatwa kwa miezi 6, na matokeo yakatolewa Desemba 2016. Katika wale waliopata matunzo ya kawaida, karibu 50 kwa kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito. Katika wale waliokaa na wabibi, walibaki karibu 14 kwa kila 100.

Na tusifikiri kwamba jambo hilo linawezekana kwa jirani tu. Huku kwetu, katika vijiji vya Kivu ya Kusini, wanawake waliotendewa ukatili walikutana kwa vikundi chini ya uongozi wa wasaidizi Wakongomani, si waganga, waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Miezi 6 baada ya mikutano kwisha, 9 kwa kila 100 ndio waliobaki na dalili kubwa za huzuni au hofu. Kati ya waliosaidiwa mmoja mmoja, bila mikutano hiyo ya kikundi, walikuwa 42 kwa kila 100. Vidonda vyao vilikuwa vizito kuliko hesabu za minervale, lakini somo ni moja: maneno yaliyotoka kinywani na kupata sikio hayana tena nguvu ileile yaliyokuwa nayo kichwani.

Tufanye nini nyumbani

Tukiyaweka pamoja, tunaona kwamba kichwa hakinyamazi kwa amri. Kinanyamaza kinapoona kwamba jambo limepata pahali, limepata saa, na limepata mtu. Basi tufanye hivi.

Moja, toa mambo kichwani. Chukua kaye ya zamani na biki, jioni kabla ya kulala, uandike mambo ya kufanya kesho na siku zinazofuata. Dakika 5 zinatosha. Mwaka 2018 wataalamu wa chuo kikuu cha Baylor, huko Marekani, walijaribu hivyo na vijana 57. Walioandika mambo wanayopaswa kufanya walipata usingizi karibu dakika 9 mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kufanya, na kadiri orodha ilivyokuwa wazi, ndivyo usingizi ulivyokuja haraka. Mama asiyejua kuandika achukue maharagwe: kila jambo na punje yake, ataje kwa sauti ndogo na kuweka punje kwenye sahani. Aliyefikiri ana mambo ishirini mara nyingi atakuta punje sita au saba.

Mbili, chagua punje moja. Zile nyingine zifunike. Uliza: "Hili ninaweza kuligusa juma hili?" Kama huwezi kuligusa, kwa mfano mvua au bei ya dola, liache kwenye sahani ya chini. Kama unaweza, lipe tendo, siku na saa. "Nitatafuta minervale" halijawa tendo bado. "Jumatatu saa mbili, kabla ya kwenda sokoni, nitamwona prefe nimwombe nilipe kwa mara tatu" ni tendo. Sisi tulio shuleni tunalijua hili: mzazi anayekuja kuongea kabla ya tarehe anasikilizwa kuliko anayejificha mpaka mtoto afukuzwe.

Tatu, yape mawazo saa yao. Thomas Borkovec na wenzake, huko Marekani, waliandika juu ya njia hii mwaka 1983. Weka nusu saa moja kila siku, pahali pamoja, tuseme saa kumi na moja za jioni kwenye kiti cha nje. Wazo likija asubuhi ukiwa unauza, liambie: "Nitakuona saa kumi na moja." Likija usiku, vilevile: "Kesho saa kumi na moja." Hulikatazi kuja, unalipangia zamu tu, kama tunavyopanga zamu kwenye bomba la maji. Lakini saa ikifika, lisikilize kweli, la sivyo halitakuamini tena. Na pahali hapo pasiwe kitandani. Kitanda ni cha kulala.

Nne, saidia mwili. Moyo unaopiga mbio unaiambia akili kwamba kuna hatari. Vuta hewa polepole ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6, kwa dakika 5. Tunapotoa hewa polepole, moyo unapunguza mwendo, na hilo kila mmoja anaweza kulisikia akiweka vidole kwenye mshipa wa mkono. Usipopata usingizi, usibaki ukigeukageuka. Amka, kaa, chambua mchele wa kesho kwenye mwanga mdogo mpaka macho yawe mazito. Anayesali na asali, lakini sala isiwe hesabu ileile inayorudiwa mbele ya Mungu. Akabidhi jambo moja na kulitaja kwa jina. Tukimbie lutuku na vidonge vya usingizi vya sokoni. Vinamwangusha mtu bila kumpumzisha, na kesho yake deni ni lilelile.

Tano, tafuta sikio. Chagua mtu mmoja anayejua kunyamaza. Na wewe ukiwa sikio, fuata njia ya wabibi: sikiliza mpaka mwisho, usikimbilie kusema "hata mimi," usipeleke maneno mahali pengine, kisha uulize, "Tuanze na lipi?"

Watoto wanasikia

Wengi wetu tunalala chumba kimoja na watoto. Sisi walimu tunawaona saa nne za asubuhi, kichwa juu ya meza, macho mekundu. Mtoto anasikia mama akigeuka, anasikia wazazi wakinong'ona juu ya pesa, na akili yake inamalizia yale asiyoambiwa, mara nyingi kwa ubaya kuliko yalivyo. Kuna watoto wanaoacha kuomba hata kalamu kwa kufikiri kwamba wao ndio mzigo.

Tumpe mtoto kipande kinachomfaa, bila kumbebesha mzigo wa mkubwa: "Minervale haijatimia. Nitaongea na prefe Jumatatu. Kazi yako ni kusoma, na hukukosa kitu." Kwa maneno hayo machache jambo linapata saa, linapata mwenyewe, na mtoto analala.

Wakati wa kutafuta mganga

Kuna mawazo yanayopita nguvu za kaye na benchi. Mtu akikaa majuma mawili au zaidi bila usingizi wala hamu ya chakula, bila furaha ya kitu chochote, akashindwa kazi zake za kila siku, au akianza kusema kwamba watoto wangeishi vizuri bila yeye, au kwamba heri afe, usimwambie "acha maneno hayo." Kaa naye, usimwache peke yake, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, na Bukavu kuna SOSAME. Kupelekwa huko si kuitwa kichaa. Tunamfunga mtu mguu ukivunjika bila kumcheka, na kichwa nacho ni kiungo cha mwili.

Ombi letu

Chama chetu kina wabibi wenye masikio, kina madada wenye siri, na benchi tunalo chini ya mwembe. Tunaomba kwamba katika mkutano ujao, kabla ya kuhesabu pesa za likelemba, tukae wawili wawili kwa dakika 20: kumi za mmoja, kumi za mwenzake. Kila mmoja ataje mambo yake, achague moja, aseme atafanya nini na siku gani. Juma linalofuata, mwenzake atamwuliza swali moja tu: "Ilikwendaje?"

Usiku ule kichwa kikigonga, utakuwa na jibu la kukipa: jambo hilo lina siku yake, na kuna mtu anayelijua. Njooni na kaye, na asiyeandika aje na maharagwe yake.